Dende jike apandishwe lini? Chupa ya maji na miezi sita

Ndugu zangu wa lisansi, na ninyi ambao muko bado mu oditoire, leo nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipomaliza agronomia nilirudi nyumbani, upande wa Walungu, na diploma mu bahasha na bila kazi. Mama alikuwa anafuga dende mu jikoni kama kila mama wa kule: wanatembea chini ya kitanda, wanakula maganda ya ndizi, hakuna anayejua nani baba ya nani. Mimi nikasema hapana, sasa kuko agronomo mu nyumba, tutafuga kwa akili. Nikanunua majike wanane wadogo sokoni, nikawatengenezea kisanduku chao, na madume nikawaweka mbali kabisa. Mama akauliza madume wanaingia lini. Nikamwambia: «Mama, tungoje wakomae. Mnyama hapandishwi mbele hajamaliza kukua.»

Ile sentensi nilikuwa nimeichukua mu kozi ya ng'ombe.

Nilingoja mpaka wakapata karibu miezi tisa. Walikuwa wazuri, wanene, manyoya yanang'aa, majirani wanakuja kuangalia. Nikaingiza dume. Watano wakashika mimba, na miezi miwili kisha wawili wakafia mu uchungu wa kuzaa. Mmoja alianza jioni, na asubuhi alikuwa bado analia, hakuna kilichotoka. Wa tatu alizaa watoto wawili wakubwa, wote wamekufa. Mama hakunigombeza. Alisema tu: «Mutoto yangu, zile za mu jikoni hazikuwa na agronomo, na zilikuwa zinazaa.»

Niliumia kwa hayo maneno kuliko kwa hasara yenyewe. Ilibidi nirudi kusoma, safari hii juu ya dende peke yake, na nikakuta kitu ambacho kila mtu anayetaka kufuga huyu mnyama (wengine wanamwita simbilisi, na kwa Kifaransa ni cobaye) anapaswa kujua mbele ya kununua hata mmoja: dende jike kuwahi kupandishwa kunamdhuru, na kuchelewa kunamuua. Kwa wanyama wengi tunaofuga, swali ni «mbele ya wakati gani tusimpandishe». Kwa dende kuko swali la pili, «kisha wakati gani tusimpandishe tena».

Tuanze na hilo la kuchelewa, juu ndilo lilinipiga.

Nyonga ya dende, pale mbele chini ya tumbo, imeundwa na mifupa miwili inayokutana katikati. Kwa jike mchanga ile sehemu ya kukutana si mfupa mgumu, ni kitu laini kama ule mfupa wa sikio lako. Akishika mimba, mwili unatoa homoni inayoitwa relaksini, ambayo inalainisha pale pa kukutana, na siku za mwisho ile mifupa inaachana kweli. Siku ya kuzaa nafasi katikati yao inapita sentimita 2. Ukiweka kidole unaisikia. Lakini jike ambaye hajazaa hata mara moja, akifika miezi sita au saba, ule mshono unaanza kukaza na kuwa mgumu kama mfupa wenyewe. Hapo homoni inakuja, inakuta mlango umefungwa. Mimba inashika vizuri, tumbo linakuwa kubwa vizuri, na shida unaiona siku ile ya mwisho tu.

Kwa nini anahitaji mlango mkubwa hivyo? Angalieni mtoto wa dende. Sungura anabeba mimba siku 31 hivi, na anazaa vitoto vipofu, bila manyoya, kama vidole vya nyama. Dende anabeba siku 59 mpaka 72, wengi wao karibu siku 68, na mtoto anatoka na manyoya yote, macho wazi, meno mu kinywa, na saa chache kisha anakimbia. Siku ya kwanza au ya pili anatafuna majani. Mtoto wa namna hiyo anazaliwa na gramu 60 mpaka 100. Sasa pigeni hesabu: mama wa gramu 700 akizaa mtoto wa gramu 80, ni kama mwanamke wa kilo 60 azae mtoto wa karibu kilo 7. Na kisha huyo mmoja wanakuja wengine wawili au watatu.

Wale wangu wawili, basi, hawakufa juu ya ugonjwa. Waliuawa na subira yangu.

Lakini musikimbilie upande wa pili. Mama alisema za jikoni zinazaa, na ni kweli, lakini nilipoanza kuhesabu nikaona zinazaa vibaya. Jike wa dende anaweza kuingia kwenye joto akiwa na wiki nne mpaka sita, wengine hata mbele ya hapo. Wiki nne! Bado ni mtoto wa gramu 200 na kitu, na mu jikoni wako pamoja na baba yake na kaka zake. Anashika mimba mbele hajajijenga. Chakula kidogo anachokipata kinagawanyika: nusu ya mifupa yake, nusu ya watoto. Hapo anazaa kamoja, ama viwili vidogo vinavyokufa wiki ya kwanza, na yeye mwenyewe anabaki mfupi maisha yake yote. Ukimuuliza mama mwenye jikoni, anakuambia dende wa siku hizi wamekuwa wadogo kuliko wale wa zamani. Sehemu ya ule udogo inatoka hapo, na sehemu nyingine inatoka kwenye kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Kwa hiyo kuko dirisha, na dirisha ni fupi. Upande wa chini linapimwa kwa uzito: jike awe na gramu 400 angalau, na akifika 500 ni vizuri zaidi. Upande wa juu linapimwa kwa kalenda: dume awe ameingia mbele jike hajafikisha miezi sita. Mimi mwenyewe napenda iwe mu mwezi wa tatu au wa nne, nikiwa na nafasi ya kukosea. Jike anayekula vizuri anafika gramu 400 mu miezi miwili au mitatu. Dende wetu wa kienyeji, wanaokula kile kilichopatikana, wanachelewa, wanaweza kufika mwezi wa nne ama wa tano.

Na kama amefika miezi mitano na bado mizani inasema gramu 330? Swali hili linaulizwa sana, na jibu langu halipendwi: huyo usimpandishe. Akipandishwa hana mwili. Akingojwa mpaka anenepe, mlango unafungwa. Mpeleke sokoni au mu sufuria, kisha urudi kuangalia chakula ulichokuwa unampa, juu wadogo zake watafika palepale kama hujabadilisha kitu.

Hapa niseme jambo la pembeni. Marekani na Ulaya kuko watu wanaofuga nyoka mu nyumba, hasa chatu mdogo wa Afrika ya Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Msicheke, kule ni biashara ya kweli. Wafugaji wale hawaulizi peke yake jike ana miaka mingapi. Wanamweka kwenye mizani, na wengi wanangoja apate kama gramu 1500, ambayo mara nyingi inamchukua miaka mitatu hivi. Kwa nyoka, mtu akiwa na mashaka anangoja msimu mwingine, na hakuna mfupa unaojifunga. Anataga mayai, na nyonga ya kuyazuia hana. Kwa sungura pia, ukichelewesha mwezi mmoja kisha ile miezi minne au mitano ya kawaida, unapoteza muda na chakula, si mnyama. Ndiyo maana ushauri wa «ukiwa na mashaka, ngoja» ni mzuri karibu kila mahali, ila kwenye kisanduku cha dende ni sumu. Na sisi tuliosoma kozi ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe kwa saa nyingi, na dende kwa nusu saa mwisho wa mwaka, ndio tunaoubeba mpaka kijijini.

Turudi kwenye uzito. Najua munachosema: mizani iko wapi? Ile ya kuning'iniza ya sokoni, ya kupimia nyama na maharagwe, haioni vizuri tofauti ya gramu 350 na 420. Mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, ingefaa, lakini si kila mtu anayo. Mimi natumia fimbo. Chukua fimbo iliyonyooka, urefu wa mkono, ifunge kamba katikati kabisa na uitundike kwenye boriti. Kila upande fungia kitunga kidogo, vitunga viwili vya uzito mmoja, na usogeze kamba mpaka fimbo ilale sawa. Upande mmoja weka chupa ya plastiki yenye maji nusu litri. Maji nusu litri ni gramu 500, hiyo ni fizikia ya sekondari, hauhitaji lisansi. Chupa yenyewe inaongeza gramu chache, si shida. Upande mwingine weka dende. Akishusha kitunga chake, amepita 500. Ukitaka kujua 400, mwaga sehemu moja ya tano ya maji. Kama una chupa ya dawa yenye alama za mililita, unapata hata 350 na 450.

Pima asubuhi mbele hawajapewa majani, kila wiki siku ileile, na uandike mu kaye. Mtaniambia dende wote wanafanana. Hapana. Kila mmoja ana madoa yake. Chora umbo la dende kwenye ukurasa, paka pale penye weusi na pale penye kahawia, na huyo ni yeye mpaka afe. Kwenye kaye yangu kuko «Kofia», kuko «Mkanda», kuko «Jicho moja». Mutoto wa dada yangu wa miaka tisa anawajua kuliko mimi.

Uzito peke yake unaweza kudanganya kwa namna mbili. Ya kwanza, jike anaweza kuwa na gramu 500 juu amekwisha kushika mimba bila wewe kujua. Ndiyo maana watoto madume lazima watolewe kwa mama na kwa dada zao wakifika wiki tatu, si mwezi, si «wiki ijayo». Kujua dume na jike si kazi kubwa: mgeuze kwa upole, bonyeza kidogo juu ya sehemu ya uzazi. Kwa dume kitu kinatoka. Kwa jike unaona umbo kama herufi Y, hakuna kinachotoka. Fanya kwenye mwanga, na ufanye mara mbili. Nimekwisha kuona «majike sita» ya mtu yakipigana usiku kucha.

Ya pili, uzito unaweza kuwa mafuta. Hili halionekani sana kijijini, lakini mu mji, kwa wale wanaowapa unga wa mahindi na mabaki ya mkate kila siku, linaonekana. Pitisha vidole kwenye mgongo na mbavu. Unapaswa kuzisikia mbavu chini ya ngozi, bila kuzitafuta sana na bila kukuchoma. Jike mnene wa mimba ya kwanza yuko na hatari yake ya peke yake: wiki mbili za mwisho za mimba anaacha kula ghafla, mwili unaanza kuchoma mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kubeba, na mu siku chache amekwisha. Akishaanza, ni vigumu sana kumwokoa.

Kisha majani mabichi. Dende ni kama sisi watu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Anahitaji kama miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na akiwa na mimba mpaka mara tatu ya hiyo. Mbuzi na sungura wanajitengenezea yao, yeye hapana. Kwa hiyo jike anayelishwa vitu vikavu tu, hata kama mizani inasema 500, hayuko tayari. Matembele, majani ya mahindi machanga, nyasi mbichi za kando ya shamba, kila siku, vinamaliza hilo tatizo bila kununua kitu. Ila majani yakauke umande kwanza, na yasitoke shamba lililopigwa dawa.

Sasa niseme juu ya soko, juu pale ndipo wengi wetu tunaanzia na ndipo tunapoanguka. Muuzaji anakuonyesha jike mkubwa, gramu 800, mzuri, na anasema: «Huyu bado mutoto, chukua, atakuzalia.» Macho yanakuambia ni bahati. Muulize amekwisha kuzaa? Kisha usisubiri jibu, angalia mwenyewe. Dende ana matiti mawili tu, chini karibu na mapaja. Jike aliyenyonyesha matiti yake yamevutika, unayaona mara moja. Yakiwa madogo na yamejificha, na kucha za miguu ni ndefu, nene, zimekunjwa, huyo ni mtu mzima ambaye hajazaa. Kwa nyama ni mzuri. Kwa uzazi ni wale wangu wawili wa mwaka ule. Kucha za mtoto wa kweli ni fupi na zenye ncha. Mimi siku hizi nanunua wadogo wa gramu 200 hivi, ambao nitawapima mwenyewe, ama jike mwenye watoto wake wanamfuata pale sokoni. Katikati ya hapo sinunui.

Jike akiwa tayari, kumpandisha si kazi. Wale wanaoniuliza dalili za joto nawaambia waache. Joto linakuja kila siku 16 hivi, linadumu chini ya nusu siku, mara nyingi usiku, na siku nyingine zote njia ya jike inafungwa na ngozi nyembamba. Huwezi kulivizia. Weka dume mmoja na majike watano mpaka saba, asiwe kaka wala baba yao, na umwache pale siku 34, yaani mizunguko miwili kamili. Andika siku aliyoingia. Ongeza siku 59, hapo ndipo unaanza kuangalia kila asubuhi.

Kitu kimoja kinashangaza wengi: saa chache tu kisha kuzaa, jike anaingia tena kwenye joto. Dume akiwa pale, anashika mimba siku ileile na watoto wa kwanza bado wanalowa. Watu wa faida ya haraka wanaipenda hiyo. Kwa jike wa mara ya kwanza mimi nakataa. Namtoa dume tumbo linapoonekana, mama ananyonyesha wiki tatu zake, anarudisha uzito wake, ndipo tunaongea. Yule aliyezaa mapema mara ya kwanza hana tena ile hatari ya mshono kwa kiasi kile, kwa hiyo kwake kungoja hakuna hofu.

Mtauliza kwa nini kuandika yote haya juu ya mnyama wa nusu kilo. Kule kwetu ng'ombe wengi waliondoka na vita, na mbuzi mtu anaogopa kumfuga juu analia na wezi wanamsikia. Dende anakaa chini ya kitanda, na siku ya kukimbia anaingia mu kitunga kichwani. Mara nyingi ni mali ya mama na ya watoto, si ya baba, na wakiuzwa ni kaye za shule, ni sabuni, ni chumvi. Kwa mwenye majike wanane, wawili wakifa kwa kuzaa, robo ya mali yake imekwenda usiku mmoja.

Mama alinisamehe, lakini hakunirudishia kisanduku. Sasa ni yeye anayepima. Fimbo iko kwenye boriti karibu na mlango wa jikoni, chupa imefungwa na kamba ili watoto wasiinywe. Jumamosi iliyopita majirani wawili walikuja kumwangalia akipima majike wanne wa miezi mitatu na nusu. Wawili walishinda chupa. Kofia alibaki juu akielea kidogo, na Mkanda hakuigusa hata kidogo. Jirani mmoja akasema: «Si muwapandishe tu wote, wanaonekana sawa.» Mama akawarudisha wale wawili kwenye sanduku lao na majani, na akaniambia niandike tarehe.